Kiapo chako cha uraia na ahadi za Kanada kwa wenyeji asilia

Swali: Mimi nilikulia Molo, sasa naishi Edmonton mwaka wa saba, na mwezi ujao nitakula kiapo cha uraia wa Kanada. Ndani ya kiapo kuna maneno kuhusu haki za wenyeji asilia na mikataba yao. Mwanangu wa darasa la kwanza naye amerudi nyumbani na fulana ya rangi ya machungwa, akaniuliza kwa nini kuna mtoto alinyang'anywa nguo shuleni. Kazini nimewasikia wawili wakibishana: mmoja anasema serikali imeshatimiza zaidi ya asilimia 80 ya ahadi zake za maridhiano, mwingine anasema haijafikisha hata robo. Nani msema kweli? Sisi tuliokuja juzi yanatuhusu nini? Na je, yale ya Ogiek wa kule kwetu Mau ni jambo hilohilo?

Jibu: Dada yangu, kwanza hongera kwa safari ndefu uliyotembea. Nianze na ubishi wa kazini kwako, maana ndio unaofungua mlango wa mengine. Wote wawili wana namba za kweli. Wanahesabu vitu tofauti, basi.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji asilia, chini ya Jaji Murray Sinclair, ilimaliza kazi yake na kutoa miito 94 ya kuchukua hatua. Mingine ilielekezwa kwa makanisa, vyuo vikuu, vyombo vya habari, hata wasimamizi wa michezo. Serikali kuu inakubali kwamba miito 76 inaihusu, peke yake au pamoja na wengine, na katika taarifa zake inasema zaidi ya asilimia 85 ya hiyo 76 imekamilika au inaendelea vizuri. Sasa litazame hilo neno "au". Fundi akikwambia nyumba zako kumi zimekwisha au zinaendelea vizuri, bado hujui kama kuna hata moja unayoweza kulala ndani usiku wa leo. Kwa hesabu hiyo, kamati iliyoundwa na kukutana mara mbili inaingia kwenye fungu moja na sheria iliyopita bungeni.

Upande wa pili kuna Taasisi ya Yellowhead ya Toronto, inayoongozwa na wasomi wa Mataifa ya Kwanza, mojawapo ya makundi matatu ya wenyeji asilia. Wao walikuwa wakihesabu kila mwaka mwito uliotimizwa kama ulivyoandikwa, si vinginevyo. Mwishoni mwa 2023 walipata 13 kati ya 94, na katika mwaka huo mzima haukutimizwa hata mmoja. Baada ya hesabu hiyo walitangaza kwamba wanaacha kazi ya kuhesabu kila mwaka.

Mimi nimeifuatilia miito hii tangu ilipotolewa, na asilimia nimeacha kuzifuata siku nyingi. Kila mwito nauuliza swali moja: ili utimie, serikali inatakiwa iachie nini? Ukiipanga kwa swali hilo utaona mstari ulionyooka. Ile iliyotaka serikali itamke neno, iandike sheria ya jumla au itenge siku ya kumbukumbu, mingi imetimia. Ile iliyotaka iachie fedha, mamlaka au ardhi imekwenda kwa kuburutwa, na mara nyingi aliyeshika kamba ni mahakama.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwa sababu ya mwanao.

Kwetu Kenya neno "bording" lina heshima. Mzazi anauza ndama, ananunua sanduku la bati na blanketi, anampeleka mtoto kwa hiari yake, na likizo ikifika mtoto anarudi. Ukimwambia mwanao kwamba watoto wale walipelekwa bording, hutakuwa umemwambia kitu. Shule za bweni za wenyeji asilia zilikuwa mradi wa serikali, makanisa yakiziendesha, na lengo lake halikufichwa: kumtenga mtoto na wazazi wake ili lugha na mila zife ndani yake. Kuanzia 1920 sheria iliwalazimisha wazazi kuwatoa watoto. Waliopitia humo ni zaidi ya 150,000. Waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Hapo wewe na mimi tunakumbuka kile kipande cha ubao tulichovishwa shingoni kwa kuponyokwa na neno la nyumbani ndani ya uwanja wa shule. Tofauti ni kwamba sisi jioni tulirudi jikoni kwa mama, tukaongea tulivyotaka. Wao hawakuwa na jioni hiyo. Kuna waliokaa miaka kumi, wakarudi wasiweze kuzungumza na bibi zao.

Wengi walipigwa, wengi walinajisiwa, na maelfu hawakurudi kabisa. Kituo cha Taifa cha Ukweli na Maridhiano kilichoko Winnipeg kimekusanya majina ya zaidi ya watoto 4,100 waliofia katika shule hizo au kwa sababu yake. Mwaka 2019 majina 2,800 ya kwanza yaliandikwa kwenye kitambaa chekundu chenye urefu wa mita 50, kikabebwa na watu waliosimama safu mbili. Wengine wameandikwa jina moja tu, kwa kuwa shule haikujisumbua kuandika la pili. Na usidhani ni habari za mababu. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Mtu wa makamo unayekaa naye kituo cha basi huenda alilala humo.

Tume yenyewe haikuzaliwa na huruma ya serikali. Waathirika walishtaki, kesi zikawa maelfu, na mwaka 2006 serikali na makanisa wakakubali mapatano nje ya hukumu. Kila aliyeishi katika shule hizo alistahili dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza na dola 3,000 kwa kila mwaka uliofuata, na walioteswa zaidi wakapewa njia nyingine ya kudai. Tume ilikuwa sehemu ya mapatano hayo. Ndiyo maana nasema mahakama ndiyo iliyoshika kamba, tangu mwanzo. Juni 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper alisimama bungeni akaomba radhi.

Sasa yaliyotimia, na sitayadharau. Mwaka 2019 ilipita sheria ya lugha za wenyeji asilia, na baadaye akateuliwa kamishna wa kuisimamia. Mwaka huohuo tume nyingine, ya uchunguzi wa wanawake na wasichana waliouawa au kupotea, ilitoa ripoti yake. Hiyo nayo ilikuwa mmoja wa miito 94. Juni 2021 mambo matatu yalipita kwa mfululizo: Septemba 30 ikafanywa siku ya taifa ya ukweli na maridhiano, kiapo cha uraia kikabadilishwa, na Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za wenyeji asilia likawekewa sheria ya utekelezaji.

Jiulize kwa nini yote matatu yalipita mwezi mmoja. Mwishoni mwa Mei 2021 taifa la Tk'emlúps te Secwépemc, kule Kamloops, lilitangaza kwamba rada ya kuchunguza chini ya ardhi imeonyesha alama zipatazo 200 zinazodhaniwa kuwa makaburi, kwenye uwanja wa shule ya zamani. Ardhi haijafukuliwa, na jumuiya yenyewe ndiyo itakayoamua kama ifukuliwe na lini. Lakini nchi nzima ilishtuka, watu wakapanga viatu vidogo vya watoto kwenye ngazi za makanisa na majengo ya serikali, na wabunge wakapata mwendo ambao kwa miaka sita hawakuwa nao.

Katika kura ya Tamko hilo mwaka 2007, nchi nne tu zilipinga: Kanada, Marekani, Australia na New Zealand. Kenya haikupinga wala haikuunga mkono. Ilikaa kando, na Burundi pia. Nakuwekea hilo hapa kwa sababu ya swali lako la Mau, nitalirudia.

Radhi nyingine ilikuja karibu na mlango wako. Tume ilitaka Papa aje Kanada aombe radhi ndani ya mwaka mmoja. Alikuja baada ya saba. Julai 2022 Papa Fransisko alifika Maskwacîs, mwendo wa saa moja hivi kusini mwa Edmonton, mahali ilipokuwa mojawapo ya shule kubwa kuliko zote, akaomba msamaha kwa maovu yaliyotendwa na Wakristo wengi dhidi ya wenyeji asilia. Wapo wazee waliolia kwa faraja. Wapo waliosema hakulitaja Kanisa lenyewe kama taasisi. Wote wawili nawaelewa. Katika lugha yetu maridhiano, radhi na ridhaa ni neno moja lililozaa watoto watatu. Anayeomba radhi hawezi kujipa. Inakaa mkononi mwa aliyekosewa mpaka aitoe mwenyewe, na anaweza kuitoa leo, kesho, au asiitoe. Kwa hiyo kila ninapoona serikali ikijipa alama za maridhiano, naona imeshika kazi isiyo yake.

Tufike kwenye mazito. Mwito namba moja kabisa katika orodha ya 94 unahusu watoto: kupunguza idadi ya watoto wa wenyeji asilia wanaoondolewa kwao na kulelewa chini ya serikali. Tume iliuweka wa kwanza kwa makusudi, kwa maana ilikuwa imeona shule zilipofungwa, watoto waliendelea kuchukuliwa kwa mlango mwingine. Sensa ya 2021 inasema watoto wa wenyeji asilia ni asilimia 7.7 ya watoto wote wa Kanada walio chini ya miaka 15. Kati ya watoto wa umri huo wanaolelewa na familia za kupangiwa, wao ni asilimia 53.8. Miaka mitano kabla yake walikuwa asilimia 52.2. Yaani baada ya radhi, ripoti na hotuba zote, sehemu yao imeongezeka.

Najua mama wahamiaji wengi mnalala na hofu ya mtu wa ustawi wa jamii kubisha hodi. Basi fikiria hofu hiyo ikirithiwa vizazi vitano.

Sababu yake haiko kwenye mapenzi ya wazazi. Mwaka 2007 Cindy Blackstock, mama wa taifa la Gitxsan, pamoja na Bunge la Mataifa ya Kwanza, yaani umoja wa machifu wao, waliishtaki serikali kuu mbele ya baraza la haki za binadamu la Kanada. Januari 2016 baraza lilitoa uamuzi: serikali ilikuwa ikiwabagua watoto wa kwenye rizavu, yaani ardhi zilizotengewa wenyeji asilia, kwa kuwatengea fedha pungufu, na mfumo wa malipo ulisukuma watoto watolewe majumbani. Ilivyofanya kazi ni hivi. Mtoto akishaondolewa, gharama zake zililipwa. Lakini fedha za kuizuia familia isifike hapo, za kurekebisha paa, kumpa mama mshauri, kumlaza baba hospitali aache pombe, zilikuwa finyu. Mfanyakazi wa ustawi aliyekuta nyumba yenye watu kumi na mmoja na bomba bovu alikuwa na fedha za kumchukua mtoto na hakuwa na fedha za kutengeneza bomba.

Kuna mtoto mmoja ambaye jina lake limekuwa kanuni ya sheria. Jordan River Anderson, wa taifa la Norway House Cree kule Manitoba, alizaliwa 1999 akiwa na ugonjwa mzito, akabaki hospitalini. Alipofikisha miaka miwili madaktari walisema anaweza kwenda kuishi katika nyumba ya familia, akihudumiwa huko. Serikali kuu na serikali ya mkoa zikabishana nani alipe. Zilibishana zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2005 Jordan alifariki hospitalini akiwa na miaka mitano. Hakuwahi kulala nyumbani hata usiku mmoja. Kanuni inayobeba jina lake inasema: mtoto ahudumiwe kwanza, serikali zigombanie bili baadaye. Baraza ilibidi liiamuru serikali mara kadhaa ili kanuni hiyo ifanye kazi inavyopaswa, na amri ya fidia ya 2019 serikali iliikatia rufaa. Mwisho wake, Oktoba 2023, mahakama iliidhinisha mapatano ya dola bilioni 23.3 kwa watoto na familia zilizoumizwa. Ni fedha nyingi kuliko mapatano yoyote ya aina hiyo katika historia ya Kanada, na kutoka kushtakiwa mpaka hapo ni miaka 16. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu kesi ilipoanza alikuwa mtu mzima ilipokwisha.

Na bado kuna mwanga, tena mahali palepale. Tangu Januari 2020 kuna sheria inayotambua kwamba Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis, yaani makundi yote matatu ya wenyeji asilia, wana mamlaka yao wenyewe juu ya malezi ya watoto wao. Mkoa wa Quebec uliipinga, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha. Taifa la Cowessess la Saskatchewan lilikuwa la kwanza kutia saini mapatano chini yake, Julai 2021. Hapa serikali imeachia kitu halisi, uwezo wa kuamua mtoto alale wapi. Mtu akiniomba mfano wa maendeleo ya kweli, nampa huu kabla ya radhi zote.

Maji nitakueleza kwa mji mmoja. Fungua bomba lolote Winnipeg na maji yake yanatoka ziwa Shoal, kilomita kama 150 mashariki, kwa mfereji uliokamilika 1919. Mtaro uliochimbwa kwa ajili ya mfereji huo ulikata ardhi ya taifa la Shoal Lake 40 ikabaki kama kisiwa. Mji ukanywa. Wenye ziwa, kuanzia miaka ya 1990, wakaambiwa maji yao si salama, wakaishi kwa madumu yanayoletwa kwa boti wakati wa kiangazi na juu ya barafu wakati wa baridi. Barabara ya kuwaunganisha na nchi kavu ilifunguliwa 2019. Mtambo wa kusafisha maji ulifunguliwa Septemba 2021. Tuliokulia kubeba ndoo tunalijua hilo dumu lina uzito gani. Ila sisi hatukuwahi kulibeba tukiwa tumesimama kando ya bomba linalonywesha mji mwingine.

Mwaka 2015 serikali mpya iliahidi kuondoa maonyo yote ya muda mrefu ya maji yasiyo salama kwenye rizavu kufikia Machi 2021. Wakati ule yalikuwa 105. Zaidi ya 140 yameondolewa, na bado makumi kadhaa yamebaki, kwa kuwa mengine mapya yaliongezeka huku ya zamani yakifutwa. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanyika na sitaipunguza. Lakini Neskantaga, kaskazini mwa Ontario, wamekuwa chini ya onyo tangu Februari 1995. Muswada wa maji safi ambao ungeweka viwango kisheria ulikufa Januari 2025 bunge lilipoahirishwa kabla ya kuupitisha.

Magereza nitapita haraka, maana namba zinasema zenyewe. Wenyeji asilia ni asilimia 5 ya watu wa Kanada. Mwaka 2015 walikuwa karibu robo ya wafungwa wa magereza ya serikali kuu, na tume ikataka tofauti hiyo ifutwe ndani ya miaka kumi. Miaka kumi imekwisha. Sasa ni karibu theluthi, na kwa wanawake ni nusu.

Na ardhi? Edmonton uko ndani ya eneo la Mkataba wa 6, ulioanza kutiwa saini Agosti 1876. Machifu wa Wakrii, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, na wenzao walikubali kushiriki ardhi. Wakaahidiwa rizavu, shule, sanduku la dawa, na dola 5 kwa kila mtu kila mwaka. Mwaka huohuo, miezi minne kabla, bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Wahindi, jina ambalo wenyeji asilia waliitwa wakati ule, iliyowageuza watu walewale kuwa kama watoto chini ya mlezi. Serikali iliketi na mataifa kama wenzake kule nyikani, na huku bungeni ikawa imeshawaandika kama mali ya wizara. Sheria hiyo imerekebishwa mara nyingi. Haijafutwa.

Zile dola 5 bado zinalipwa, na bado ni dola 5. Nimewahi kusimama kwenye foleni ya siku ya mkataba nikimsindikiza rafiki. Kuna meza, kuna daftari la majina, na kuna polisi wa kifalme amevaa koti jekundu la sherehe. Mama mmoja mzee aliyekuwa mbele yetu alipokea noti yake mpya, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kifuko chenye noti nyingine zilizokunjwa vilevile. Hakuwa amezitumia. Aliniambia hizo ni ushahidi. Noti ile haikuwa imeongezeka hata senti tangu 1876, na kwake ilikuwa risiti inayosema kwamba upande wa pili bado unaukubali mkataba.

Kule Ontario mikataba miwili ya 1850 ilisema malipo yataongezeka kadiri ardhi inavyozaa mapato. Migodi ikazaa, misitu ikazaa, malipo yakaganda kwenye dola 4 tangu 1875. Walioshtaki walipata mapatano ya dola bilioni 10 mwaka 2023 kwa mkataba mmoja, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasema Taji, yaani serikali kwa jina la mfalme, limeivunja ahadi yake bila heshima. Umeona tena nani aliyeshika kamba.

Kipimo cha sasa hivi ndicho kinachonikosesha usingizi. Lile Tamko la Umoja wa Mataifa linataka ridhaa ya wenyeji kabla ya mradi kupita kwenye ardhi yao: ridhaa huru, ya mapema, wakiwa wameelezwa kila kitu. Juni 2025 serikali ya Waziri Mkuu Mark Carney ilipitisha kwa wiki chache tu sheria ya kuharakisha miradi mikubwa, na machifu wengi walilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Baadaye Waziri Mkuu aliwaita mkutanoni. Kuitwa baada ya sheria kupita hakuwezi kuitwa ridhaa ya mapema, kwa Kiswahili wala kwa lugha yoyote.

Sasa wewe. Kiapo utakachokula kinasema utazishika sheria za Kanada, ikiwemo Katiba, ambayo inatambua na kuthibitisha haki za asili na za mikataba za Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis. Huo ni mwito wa 94, wa mwisho kabisa. Na ule wa 93 pia ulikuwa kwa ajili yako: ulitaka kitabu cha wahamiaji na mtihani wa uraia vifundishe historia hii kwa ukamilifu, mikataba na shule za bweni zikiwemo. Kiapo kilibadilishwa 2021. Kitabu kiliahidiwa upya, lakini miaka mingi baada ya 2015 wahamiaji waliendelea kusomea kilekile cha zamani, chenye sentensi chache tu juu ya shule hizo. Ndiyo sababu umefika mlangoni pa kiapo ukiwa na maswali ambayo ulipaswa kuwa umejibiwa. Kosa si lako.

Utasema hukumchukua mtoto wa mtu wala ardhi ya mtu, na ni kweli. Lakini raia anaingia katika mkataba kwa upande wa Taji. Nyumba unayopanga imekaa juu ya Mkataba wa 6, na haki yako ya kukaa hapo inatoka kwenye karatasi ileile iliyomwahidi yule mama noti yake. Hilo halikupi lawama. Linakupa sauti, na kuanzia siku ya kiapo linakupa kura. Mgombea akija kwenye kanisa lenu kuomba kura za Waafrika, muulize kuhusu sheria ya maji.

Kuhusu Mau, ndiyo, ni jambo hilohilo, na wewe wa Molo unalijua kwa macho. Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba Kenya imevunja haki za Ogiek, wenyeji asilia wa msitu wa Mau, kwa kuwafukuza msituni. Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na warudishiwe ardhi yao kwa hati. Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena upande wa Narok. Ukikaa Edmonton ukaielewa kesi ya Wakrii, ukirudi likizo utamsikia mzee wa Ogiek kwa masikio mengine.

Limebaki swali la mwanao. Mwambie kuna msichana aliyeitwa Phyllis, leo ni bibi na anaishi Kanada hii hii. Mwaka 1973 alikuwa na miaka sita. Bibi yake alimpeleka dukani achague nguo ya kuanzia shule, naye akachagua fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa. Siku ya kwanza kwenye ile shule karibu na Williams Lake walimvua wakaichukua. Alipokuwa mtu mzima alisimulia habari hiyo, na tangu 2013 watoto wa Kanada wanavaa rangi yake kila Septemba. Akikuuliza kama alirudishiwa, mwambie hapana, hakuiona tena.